Gari Jipya Lenye Kasoro: Namna ya Kumdai Muuzaji Ukiwa Mwanza

Anayenunua gari la mtumba huingia akijua kwamba gereji inamsubiri. Anayenunua gari jipya hulipa ziada kubwa ili aikwepe gereji hiyo walau kwa miaka michache, na ndiyo maana taa ya injini inapowaka kabla hata plastiki za viti hazijavuliwa, wengi hushikwa na butwaa, humpigia simu aliyewauzia, huambiwa walilete gari "tuliangalie", na kuanzia hapo hupoteza miezi katika safari za karakana zisizoacha maandishi yoyote. Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua gari jipya kwa wakala mwenye tawi Mwanza, au aliyelinunua Dar es Salaam na kulitumia huku Kanda ya Ziwa, na sasa ana kasoro ambayo karakana ya muuzaji ama haiimalizi ama haitaki kuitambua.

Kama kasoro inahusu breki, usukani, uvujaji wa mafuta au harufu ya waya kuungua, usisome kwanza. Liegeshe gari, mjulishe muuzaji kwa ujumbe wa maandishi kwamba halifai kuendeshwa, na umtake alifuate kwa gari la kuvuta.

Unayemdai ni nani

Muuzaji ni yule ambaye jina lake limo kwenye risiti ya EFD na kwenye mkataba wa mauziano. Si kiwanda kilichoko Japani, India au China, wala si kijana wa mauzo aliyekukaribisha kwa soda. Jambo hili huonekana dogo hadi siku utakapoambiwa tawini kwamba suala lako limepelekwa kiwandani na majibu yanasubiriwa. Muuzaji ana haki ya kusubiri kiwanda chake. Wewe mkataba wako uko na aliyepokea fedha zako.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, inaingiza ndani ya mkataba masharti ambayo huenda hayakuandikwa popote: kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo italingana na maelezo hayo, kwamba itakuwa na ubora unaostahili kuuzwa sokoni, na kwamba, iwapo ulimweleza muuzaji kazi utakayoifanya na ukategemea utaalamu wake, itaifaa kazi hiyo. Sharti hili la mwisho lina mwanya: ukitaja mwenyewe aina ya gari kwa jina lake la kibiashara na kuliagiza hivyo hivyo, muuzaji anaweza kusema hakukuchagulia. Kwa hiyo kama unataka pikapu ya kubeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Geita, sema hivyo kwa maandishi kabla ya kulipa na muombe muuzaji akupendekezee. Soma pia maandishi madogo nyuma ya fomu ya oda, kwa sababu sheria hiyo inaruhusu baadhi ya masharti haya kuondolewa kwa makubaliano ya wazi, na wapo wanaoyaondoa.

Waranti ni kitu kingine. Hiyo ni ahadi ya mtengenezaji, mara nyingi ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na huacha nje vitu vinavyolika kwa matumizi kama pedi za breki, klachi, wipa na balbu. Bima kubwa nayo isikudanganye: inalipa ajali, wizi na moto, hailipi giaboksi iliyotoka kiwandani ikiwa mbovu.

Utakutana mtandaoni na maelezo ya sheria za Marekani zinazomlazimisha mtengenezaji kurudisha fedha baada ya gari kushindikana kutengenezwa mara kadhaa. Sheria hizo ni za majimbo ya huko, ya kwanza ikiwa ya Connecticut mwaka 1982. Hapa kwetu hakuna idadi ya matengenezo ambayo ikifika gari hurudi lenyewe, na anayekwenda kwa meneja akiinukuu sheria ya California humrahisishia meneja kazi ya kumpuuza.

Siku za mwanzo zina thamani kuliko zinazofuata

Haki ya kulikataa gari haidumu. Sheria humhesabu mnunuzi kuwa amelikubali gari akisema amelikubali, akilifanyia jambo lisiloendana na umiliki wa muuzaji, au akikaa nalo kwa muda unaotosha bila kumjulisha muuzaji kwamba analikataa. Muda huo haukutajwa kwa siku. Hupimwa kwa mazingira ya kila shauri. Ukishahesabiwa umelikubali, kinachobaki ni fidia au punguzo la bei, na hapo mazungumzo hubadilika kabisa. Kwa hiyo, ikiwa kasoro ni kubwa na imejitokeza mapema, amua mapema: unataka litengenezwe, au unalikataa? Huwezi kulikataa Jumatatu na kupakia nalo mizigo Jumanne. Habari njema kwa mtu wa Mwanza aliyenunulia Dar es Salaam ni kwamba, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, mnunuzi aliyelikataa gari kihalali halazimiki kulirudisha mwenyewe; inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amelikataa.

Kwa wale ambao hawajapokea gari bado, siku ya makabidhiano ina kazi zake. Linganisha namba ya chasi, yenye tarakimu na herufi 17, kwenye gari lenyewe, kwenye risiti, kwenye kitabu cha waranti na kwenye kadi ya gari. Tazama ubavuni mwa tairi: tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT zinaeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023, na tairi zilizopishana sana na mwaka wa gari, au gari lililokaa yadi muda mrefu hadi betri ikachoka, ni mambo ya kuandikwa kabla ya kusaini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na kama gari lililetwa kwa kuendeshwa badala ya kubebwa, kilomita hizo ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na maelezo kwamba si zako. Kumbuka pia kwamba ukilikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuilalamikia baadaye. Mkwaruzo wa bampa unaonekana leo, usisubiri kesho.

Kuikamata kasoro

Magari mapya yana tabia moja ya ajabu: hupona yakifika mlangoni mwa karakana. Fundi huliwasha, huzunguka nalo kiwanja, hurudi na kusema hajaona tatizo, na fomu inaandikwa hivyo. Dawa yake ni kumpelekea fundi mazingira ya kasoro badala ya malalamiko. Andika kila inapotokea: tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, injini ikiwa baridi au imeshapata moto, mwendo, gia, mzigo, mvua au jua, na ni taa ipi iliyowaka. Piga video inayoonyesha dashibodi na kusikika sauti, na anayepiga awe abiria, si dereva.

Kisha omba kwa maandishi kwamba fundi mkuu apande gari pamoja nawe. Jiji letu lina njia za kufaa kwa kila aina ya ugonjwa. Gari linalokosa nguvu au linalochanganya gia lipandishwe mlima wa Bugando likiwa limeshapata moto. Linalopandisha joto likae kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere saa za jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Linalotetemeka kwa mwendo litolewe nje ya mji kuelekea Usagara na Kigongo, ambako lami ni ndefu na unaweza kushika mwendo mmoja bila kukatizwa, hadi Daraja la JPM ikibidi. Linalogonga chini lipitishwe taratibu kwenye vichochoro vya mawe huko Igogo au Mabatini. Fundi akishasikia kwa masikio yake, mwombe aandike alichosikia kabla hamjashuka.

Taa ya injini ikiwaka, usikubali mtu yeyote achomoe betri ili izimike. Kompyuta ya gari huhifadhi msimbo wa hitilafu, kwa mfano P0300 unaomaanisha uchomaji usio sawa katika silinda zaidi ya moja, na mara nyingi huhifadhi pia hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: joto la injini, mzunguko, mwendo. Betri ikichomolewa, au fundi wa mtaani akifuta msimbo kwa mashine yake, ushahidi huo huenda ukapotea, na utarudi karakana na gari ambalo kwa karatasi ni zima. Kupima kwa mashine bila kufuta ni sawa. Piga picha ya kioo cha mashine, na tarehe ionekane.

Fomu ya karakana

Kila gari linapoingia karakana hufunguliwa fomu ambayo mafundi huiita jobu kadi. Hapa ndipo madai mengi hufa. Mpokeaji huandika "mteja analalamika gari halina nguvu", mteja husaini, na miezi sita baadaye hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ziara ya kwanza, ya tatu na ya tano zilihusu kasoro ileile. Simama hapo dirishani umwombe aandike maneno yako, kwa mfano: "Gari likiwa na moto, kwenye mlima, giaboksi inabaki gia ya pili na taa ya njano ya injini inawaka; imetokea pia katika ziara iliyopita." Akikataa, andika mwenyewe kwa kalamu juu ya saini yako. Usisaini fomu iliyo tupu hata ukiambiwa ni utaratibu.

Unapolichukua gari, usiondoke na neno "tumerekebisha". Dai karatasi inayotaja kilichokaguliwa, msimbo uliosomwa, kipuri kilichobadilishwa na namba yake, toleo la programu kama kompyuta iliwekwa programu mpya, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na kilomita za kuingia na za kutoka. Tofauti ya kilomita hizo mbili husema mengi: gari lililoandikwa kuwa limejaribiwa barabarani kumbe limeongeza kilomita moja halijajaribiwa. Wakikuambia hawakuona tatizo, hiyo nayo iandikwe, kwa sababu fomu kadhaa za "hakuna tatizo" zikifuatiwa na moja ya "giaboksi imebadilishwa" ni ushahidi mzuri kuliko hotuba yoyote.

Visingizio vya kawaida na majibu yake

Kisingizio kinachoongoza ni mafuta machafu, hasa kwa injini za dizeli za kisasa, ambazo injekta zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa na kweli huharibiwa na maji au uchafu. Kwa kuwa kinaweza kuwa kweli, usikikatae kwa hasira; kitake kithibitishwe. Tunza risiti za vituo vya mafuta tangu siku ya kwanza. Wakisema dizeli ina maji, sampuli itolewe mbele yako, iwekwe kwenye chupa mbili safi za kioo, zifungwe na kusainiwa na pande zote, moja ibaki kwako. Ukiiacha chupa itulie, maji yaliyojitenga hushuka chini ya dizeli na yanaonekana kwa macho. Kama yapo kweli, dai lako linahamia kwa kituo kilichokuuzia, na malalamiko ya ubora wa mafuta yapelekwe EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Kama hayapo, kisingizio kimekwisha na picha ya chupa iingie kwenye jalada.

Cha pili ni kifaa ulichofunga: alamu, redio, taa za ziada, au kile kifaa cha kufuatilia gari ambacho benki iliyokukopesha ilikidai. Waya iliyokatwa na kuungwa ovyo inaweza kweli kuleta hitilafu za umeme, lakini haiwezi kueleza giaboksi inayovuja oili. Uliza swali moja, kwa maandishi: kifaa hiki kimesababishaje kasoro hii? Na kwa mwenye mkopo, njia salama ni kumtaka muuzaji mwenyewe akifunge au atoe kibali chake kabla.

Cha tatu ni barabara mbovu. Kuna ukweli ndani yake kwa tairi na rimu, lakini gari linalotangazwa na kuuzwa Tanzania limeuzwa kwa barabara za Tanzania, na shokapu inayovuja kabla ya servisi ya kwanza haina wa kumsingizia. Jilinde upande mmoja tu: servisi zifanyike kwa wakati, kwa kilomita zilizotajwa kitabuni, na mihuri yake isikosekane. Hapo ndipo muuzaji huwa na hoja halali, usimpe.

Usimruhusu fundi wa nje afungue injini au giaboksi wakati mgogoro ukiendelea, hata akiwa bingwa wa Nyakato nzima. Ukihitaji jicho la pili, tafuta mhandisi mitambo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akague bila kufungua, atoe ripoti yenye jina, saini na namba yake ya usajili.

Barua

Simu na sauti za WhatsApp zina kazi yake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, basi usifute mazungumzo wala usiuze simu hiyo. Hata hivyo barua iliyogongwa muhuri humwamsha mtu ambaye ujumbe wa simu haukumwamsha. Iandike kwa Kiswahili bila wasiwasi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Mfano:

> Meneja wa Tawi,
> (Jina la kampuni), S.L.P. …, Mwanza.
>
> YAH: KASORO YA GARI JIPYA LENYE NAMBA YA CHASI …
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua gari tajwa kwenu tarehe … kwa risiti namba …. Tarehe …, likiwa na kilomita …, lilianza kuonyesha kasoro ifuatayo: …. Limeingia karakana yenu tarehe … na …, kama fomu zilizoambatanishwa zinavyoonyesha, na kasoro imerudi tarehe ….
>
> Kwa barua hii naomba mrekebishe kasoro hiyo kikamilifu na kunipa taarifa ya maandishi ya chanzo chake ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Gari linakabidhiwa kwenu kwa matengenezo bila mimi kuacha haki yangu yoyote, ikiwemo haki ya kulikataa na kudai kurudishiwa fedha.

Sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo inayozuia matengenezo kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba umeridhika. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, isainiwe na kuandikwa tarehe. Wakikataa kuipokea, itume kwa njia ya posta ya rejesta, na nakala iende kwa barua pepe ya makao makuu.

Makao makuu mengi yako Dar es Salaam, na ndipo litakapokuja pendekezo la kulipeleka gari huko kwa mtaalamu. Linaweza kuwa jambo la busara, ila kabla ya kukubali, yaandikwe haya: nani analipa usafiri, gari litabebwa au litaendeshwa, nani anabeba hatari likiharibika njiani, litakaa muda gani, na utatumia gari gani wakati huo. Omba pia muda wa waranti urefushwe kwa siku zote ambazo gari limekaa karakana. Wengi hawaombi, na muuzaji hatajitolea mwenyewe.

Katika kipindi chote hiki endelea kulipa rejesho la benki. Mkopo ni mkataba mwingine, na benki haitajali kwamba gari limekaa juu ya mawe. Ukiacha kulipa utakuwa na migogoro miwili, na ule wa pili utaushindwa.

Ikishindikana

Siku 14 zikipita bila jibu la maana, wakili atatuma notisi ya madai, na mara nyingi hiyo pekee humfanya mkurugenzi asome jalada kwa mara ya kwanza. Sambamba na hilo, malalamiko yanaweza kufikishwa Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, hasa pale ulipodanganywa kuhusu gari lenyewe, kwa mfano kuuziwa lililokwisha kutumika kwa maonyesho kama jipya, au pale kasoro inapohatarisha maisha. Mtengenezaji naye huwa na ukurasa wa kuangalia kwa namba ya chasi kama gari limo kwenye orodha ya yale yanayoitwa kurekebishwa bure. Mwaka 2020 Toyota peke yake iliita mamilioni ya magari duniani kwa sababu ya pampu ya mafuta. Ukiikuta namba yako humo, ichapishe na uiambatanishe.

Mahakama ipi ifunguliwe shauri hutegemea thamani ya dai, na hilo ni la wakili. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, ila usiupe uzito mno: kadiri unavyochelewa ndivyo hoja kwamba ulilikubali gari inavyopata nguvu. Kuhusu kumtangaza muuzaji mitandaoni, nashauri kujizuia hadi mazungumzo yafe, na hata hapo kusema tu kile ambacho fomu zako zinathibitisha, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo na kampuni nyingine zina mawakili wasio na kazi.

Mashauri mengi huisha mezani. Mkifikia kubadilishiwa gari au kurudishiwa fedha, hesabu isiishie kwenye bei: ingiza gharama za usajili, bima ambayo hujaitumia, riba ya mkopo na gharama za kuvuta gari. Usisaini tamko la kumaliza madai yote kabla fedha hazijaingia au gari jipya halijakaguliwa. Kadi ya gari la zamani isitoke mkononi mwako, au mwa benki, hadi hapo, kisha uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA na upewe uthibitisho. Hadi uhamisho huo ukamilike, faini za usalama barabarani zitaendelea kusoma kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo iangalie namba hiyo kwenye mfumo wa polisi mara kwa mara, na bima yake ifutwe baada ya uhamisho, si kabla.